Wifi Loisi na Maji ya Kunawa

Makole,
Dodoma.
15 Juni, 2025.

Mpendwa mdogo wangu Erica,

Hujambo, kitinda mimba wa mama? Shemeji Ambokile hajambo? Na watoto je, bado wanaendelea kunenepa kwa ndizi za Tukuyu? Natumaini barua hii itawakuta nyote mkiwa wazima, na kama yuko mwenye mafua kwa hiyo mvua yenu isiyojua kupumzika, namwombea apone upesi. Sisi huku tu wazima. Mimi mwenyewe sina la kulalamika isipokuwa goti la kushoto, nalo nimeshalizoea, tunaamka pamoja na kununa pamoja.

Kipupwe kimeingia kwa nguvu. Upepo unavuma tangu alfajiri, vumbi linaingia hata kwenye sufuria iliyofunikwa, na ukimwona mtu kajifunga shuka mchana kweupe humcheki. Mavuno si mabaya. Uwele wa kijijini kwetu Haneti umejaa ghalani, ila mtama ndege wamekula wakatuachia mabua ya kuangalia. Nimekufungia unga wa uwele, karanga, na mlenda mkavu wa kutosha. Shemeji usimpe mlenda mwingi siku ya kwanza. Mara ya mwisho alivyokuwa akiukimbiza kwenye sahani nilicheka mpaka nikaomba maji, na sitaki mtu afe kwa kicheko huko nikiwa sipo.

Barua nimeificha katikati ya karanga ili kondakta wa basi asiisome. Ningeweza kukupigia, lakini wewe kwenye simu husikilizi, unasema tu “ehe, ehe” huku unagombeza watoto. Na lile kundi la ukoo la WhatsApp limekuwa gulio, kila mtu anauza chake. Nasikia kumefika habari huko kwamba wifi yetu Loisi amerukwa na akili, na kwamba kaka yetu Nathanaeli anampeleka kwa mganga wa kike kutoka Kondoa. Nusu ya habari hiyo ni uongo na nusu iliyobaki imepinda. Kaa kitako nikueleze ilivyo.

Wewe mwenyewe una kinyongo na Loisi, usinifiche. Ulipokuja Pasaka ya mwaka juzi ulimpa mkono akautazama tu, chakula ulichopika hakukionja, ukaondoka ukisema mke wa kaka amepata madaha uzeeni. Wengi tulisema hivyo. Kumbe mwenzetu alikuwa anaungua ndani kwa ndani.

Unakumbuka ule mwaka wa korona, kila mlango una ndoo yenye koki na sabuni pembeni? Ugonjwa ulipopoa, sisi wengine zile ndoo tulizirudisha kwenye kazi zake za kuchotea maji. Loisi alibaki palepale. Akigusa kitasa, ananawa. Akipokea chenji dukani, ananawa. Akinawa, anaona hajanawa vizuri, anaanza upya. Nilimwona kwa macho yangu akimaliza ndoo nzima kwa sababu ya bamia tatu. Na hapa Makole unajua maji yanavyokuja kwa mgao, siku mbili yapo, siku tatu unasikia bomba linakohoa tu.

Na kaka yako badala ya kuzuia, alisaidia! Ndivyo alivyo Nathanaeli, anapenda mpaka anaharibu. Alinunua tangi la pili. Alikuwa akitoka kazini anavua nguo nyuma ya nyumba kama mtoto aliyetumbukia matopeni. Siku moja nilipita uani nikakuta noti zimeanikwa kwenye kamba, zimebanwa kwa vibanio, zinapepea. Nikamuuliza kama tumeanza kulima pesa. Akaniambia kwa sauti ndogo, “Dada, mwache tu. Zikioshwa analala.”

Mwezi wa tatu binti yao Rose akajifungua. Mtoto wa kiume, jina lake Frank, kichwa kikubwa cha baba yetu. Kama kawaida, mzaliwa wa kwanza, Rose akaja kwao kulelewa uzazi. Mumewe Rodgers alimleta kutoka Mtumba na mizigo mpaka juu ya gari. Tukapiga vigelegele. Halafu ikafika zamu ya bibi kumpokea mjukuu, na Loisi akasimama mlangoni, mikono ameificha ndani ya kanga, akasema, “Karibu, mwanangu,” na hakusogea.

Basi nikawa mimi. Mimi ndiye niliyekuwa namwogesha, namkanda, nampaka mafuta, goti likilia. Bibi yake alikuwa anatazama kutoka mlangoni, mikono imechanika kwa sabuni na dawa ya kudeki. Wiki zikapita hivyo. Jioni moja Rose akaniambia huku ananyonyesha, “Shangazi, mama hampendi mwanangu. Likizo yangu ya uzazi ikiisha naondoka, na sidhani kama nitamleta tena.”

Erica, niliumia. Nikaenda moja kwa moja jikoni nikamwambia Loisi aliyoyasema binti yake, neno kwa neno, maana mimi sijui kupaka maneno sukari. Alilia kilio ambacho sijawahi kumsikia akilia, hata kwenye msiba wa mama yake. Akasema kila akimkaribia mtoto, anamwona amekufa. Anaona kabisa mikono yake mwenyewe imemletea ugonjwa, na kijeneza kidogo kinatoka. Hivyo anajiweka mbali ili mtoto aishi. Yaani yule tuliyemwona hana mapenzi ndiye aliyekuwa amejinyima kuliko wote.

Alikubali kwenda hospitali, lakini kwa ajili ya ngozi ya mikono tu. Daktari wa ngozi aliitazama, akauliza kwa upole ananawa vipi, akampa mafuta ya kupaka na akamwandikia aende kumwona mwanasaikolojia. Loisi akarudi nyumbani amevimba, anasema yeye si kichaa. Nathanaeli akamjibu hata yeye hadhani kama ni kichaa, ila angependa kuoga maji ya moto mwenyewe siku moja bila kuyapigia hesabu. Kwa mara ya kwanza Loisi akacheka kidogo. Wakaenda.

Huyo sasa ndiye “mganga wa Kondoa” wenu. Anaitwa Hamida, ni Mrangi, hajafika miaka arobaini, anavaa ushungi mzuri na viatu vya raba. Hana tunguri wala hirizi. Ana viti, feni linalolia, na sanduku la tishu. Wiki za mwanzo alimsikiliza tu Loisi na kumuuliza maswali. Kisha akamwambia Nathanaeli kwamba wiki inayofuata angependa aje na watu wa nyumbani.

Hapo kaka yako akafanya jambo ambalo Mgogo peke yake ndiye anayeweza kulifanya. Akasikia “watu wa nyumbani”, akajua ni kikao. Akapiga simu Haneti kwa Baba Mdogo Matonya.

Asubuhi ya siku hiyo nimefika pale kliniki na Rose na mtoto, nakuta nini? Baba Mdogo na koti lake jeusi na fimbo, wazee wawili nyuma yake, na mbuzi. Mbuzi, Erica! Alimleta kwa ajili ya faini, atakayeonekana na kosa amlipe Baba Mdogo thamani yake, halafu mbuzi aliwe kwa upatanisho. Mlinzi wa geti alikubali kumshika kamba, na kabla hatujaitwa ndani mbuzi alikuwa ameshamaliza maua ya mlangoni.

Hamida hakushtuka, au alishtuka akameza. Alimuuliza Loisi kando kama anataka hao wote waingie. Loisi akasema mkwewe aingie na sisi wa nyumbani, wale wazee wabaki na mbuzi. Tukaketi. Baba Mdogo akatusalimu kwa Kigogo, “Mbukwenyi!” kama yuko kwake Haneti, akapokea shikamoo ya Hamida, akasimamisha fimbo katikati ya magoti.

“Haya,” akasema. “Nani kamkosea nani?”

“Babu,” Hamida akamjibu, “kama hii ni kesi, mshitakiwa ni woga alio nao mkweo. Loisi hana kosa. Ninachotaka kujua leo ni nani anaulisha huo woga mpaka umenenepa hivi.”

Nathanaeli akaanza yeye, maskini, akasema habari za tangi na za noti kwenye kamba. Rose akasema anachemsha nguo zote za mtoto kabla mama hajaziona. Mimi nikasema Loisi hunipigia simu kuuliza kama aligusa kitu fulani, nami humjibu hapana hukugusa, na baada ya muda mfupi anapiga tena kuuliza kilekile. Baba Mdogo akatusikiliza wote, akatikisa kichwa. “Kwa hiyo mgeni mbaya kaingia,” akasema, “nanyi mmemtandikia na kitanda.”

Hamida alicheka, akasema hajawahi kusikia maelezo mafupi kuliko hayo. Akatueleza kwamba woga wa namna hii ukipiga kelele, ukaupa maji, unanyamaza kidogo, kisha unarudi na njaa kubwa zaidi. Tiba yake ni mtu kukikaribia kile anachokiogopa, akianza na kidogo, halafu asikimbilie kunawa. Anakaa na huo woga. Unapanda, unamtetemesha, na yeye anajifunza kwamba anaweza kukaa nao bila kuutii. Halazimishwi na mtu, Loisi mwenyewe ndiye anayepanga kianze kipi na kifuate kipi. Na sisi kazi yetu ni kuacha kuulisha, kwa upendo, bila kumsimanga.

Mimi sikai kimya kwenye mambo nisiyoyajua, unanijua. Nikamuuliza hayo kayatoa wapi, maana ushauri ninaoujua mimi ni ule wa “vumilia, ndiyo dunia”. Akasema hii ni njia iliyopimwa. Watafiti wa nchi nyingi wamewachukua wagonjwa, wengine wakapewa tiba hii, wengine wakapewa kitu kingine, kisha wakalinganishwa, na wengi waliopewa hii walipata nafuu kubwa. Hakuapa kwamba inamponya kila mtu. Kuna wanaohitaji na vidonge vya daktari pamoja nayo. Nilimpenda hapo kwa kutojitapa.

Akasema pia kwamba kila shida ina mazungumzo yake. Aliyezama kwenye huzuni haambiwi hayo anayoambiwa Loisi, huyo huanzishwa kurudi kwenye vitu vidogo alivyoviacha, atoke nje, amwagilie mchicha, amtembelee jirani, hata kama moyo hautaki. Wanandoa wanaozozana hufundishwa kusikilizana kwa zamu, mmoja akisema mwenzake anarudia alichosikia kabla ya kujibu. Na asiyepata usingizi ana yake. Unamkumbuka Bashiri mwenye duka la kona? Alienda kwa ajili ya usingizi, na anawatangazia wateja wote mwenyewe, hivyo sisengenyi. Aliambiwa usingizi ukigoma aondoke kitandani, arudi ukija, aamke saa ileile kila siku, na aache kusinzia dukani mchana. Sasa analala vizuri usiku, ila sisi tuliokuwa tunajichukulia chumvi wenyewe akiwa amesinzia tumepata hasara.

Turudi kwenye kikao. Hamida hakumkataza Loisi kunawa. Alisema anawe kama watu wote, kabla ya kula na akitoka chooni, basi. Tatizo likawa Loisi hajui tena “basi” iko wapi. Akasema kwa haya, “Nikifungua koki, sijui nifunge saa ngapi.” Hapo Baba Mdogo akagonga fimbo chini.

“Kwangu mimi,” akasema, “mtu ananawishwa. Maji yanamiminwa, ananawa, anasema asante, jagi linakwenda kwa mwenzake. Nani huyo anayeomba tena? Leo nitamnawisha mimi.”

Erica, Rose alishika mdomo. Wewe umekaa na Wanyakyusa siku nyingi lakini hujasahau. Baba mkwe kumnawisha mke wa mwanawe! Hajawahi hata kupita karibu na jiko ambalo Loisi amekaa. Hamida akauliza mbona tumeshtuka, tukamweleza kwamba kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe huheshimiana kwa kukaa mbali. Akamgeukia Loisi, maana pale uamuzi ulikuwa wake. Loisi alitazama chini, akasema, “Nitajaribu.”

Mchana ule tukala kwa Nathanaeli, ugali wa uwele na mlenda, na mtu hali mlenda kwa kijiko, aibu. Baba Mdogo akavua koti, akachukua jagi na beseni, akaanza kwa Loisi. Akamimina. Loisi akasugua, maji yakaisha, na mikono ikabaki pale juu ya beseni inangoja. Alitaka maji mengine kama mtu wa jangwani. Lakini nani atamwambia baba mkwe aongeze? Alimtazama mzee, mzee akatazama ukutani kwa heshima, akasema, “Mkwe, ugali unapoa.”

“Asante, baba,” akasema Loisi, akaitoa mikono. Jagi likaja kwangu. Tukala. Tonge la kwanza lilimchukua muda mpaka likafika mdomoni, na machozi yalikuwa yanamtoka, lakini lilifika. Nathanaeli alikuwa hawezi kula, nikamfinya mguu chini ya meza. Mbuzi naye aliliwa kesho yake, Baba Mdogo alisema kesi imesikilizwa na mbuzi hakusafiri bure.

Hamida alifurahi kusikia, lakini hakutuacha tukae kwenye sifa. Alisema heshima ya mkwe imefaa kwa kuanzia, ila Loisi asije akaacha kumtii woga akaanza kumtii Matonya. Lazima aweze hata mzee akiwa Haneti. Basi Nathanaeli akashika jagi yeye. Huyo alikuwa na kazi kubwa kuliko mgonjwa! Loisi anamwambia kwa ukali, “Ongeza,” naye anaangalia dari na kuanza kuimba wimbo wa kanisani, sauti anayoijua Mungu, mpaka mkewe anaondoka kwenye beseni kwa kukimbia wimbo. Baadaye akanawa mwenyewe, peke yake, akafunga koki mwenyewe.

Vitu vikafuata alivyovipanga. Kitasa cha mlango. Chenji ya Bashiri. Kupepeta uwele uani na vumbi lake lote kisha kukaa nalo. Kanisani akapeana mikono na watu wakati wa kutakiana amani, mchungaji akamshika kwa mikono miwili, naye akarudi kwenye benchi hana rangi lakini amesimama imara. Mchungaji mwenyewe alikuwa anamwombea tangu mwanzo na ndiye aliyemtia moyo asiache kliniki, hivyo anayesema Loisi ameacha maombi mwambie anyamaze. Na kule kliniki wakazungumza na ya ndoa. Loisi alimwambia mumewe kwamba miaka yote ile anapombebea maji, yeye alitamani aache ndoo akae naye tu. Siku hizi jioni wanakaa nje wawili, wanabishana kuhusu redio.

Usidhani ilikuwa njia iliyonyooka. Mwishoni mwa mwezi wa tano Loisi alifikia kushika nguo za mtoto, na siku iliyofuata Frank akapata homa. Hapo kila kitu kikaporomoka. Alinawa mpaka matangi yote mawili yakawa matupu, akajifungia chumbani, akasema aliwaambia na hawakusikia, sasa ameua. Nilimpigia Hamida nikamtaka amwambie si yeye aliyemwambukiza. Akakataa! Akasema akimhakikishia leo, kesho Loisi atahitaji uhakika mwingine, na keshokutwa mwingine. Alizungumza naye kwa simu muda mrefu, akimsaidia kukaa na kutojua. Nilikasirika, nikamwita moyoni mwangu maneno ambayo sitayaandika hapa. Rose alimpeleka mtoto kliniki ya watoto, nesi akacheka akasema ni chanjo ya jana, ambayo kwa hofu tulikuwa tumeisahau, homa ni ya kawaida, itaisha. Ikaisha. Lakini nilichokiona mimi ni kwamba Loisi alitoka chumbani kabla Rose hajarudi na hizo habari. Alitoka akiwa bado hajui.

Hayo yote yakafika mpaka wiki hii, na mtoto alikuwa bado hajabebwa na bibi yake. Alishakaa karibu naye, alishamgusa mguu kwa kidole. Kumbeba, hapana. Na likizo ya Rose imekwisha, kesho Jumatatu Rodgers anakuja kumchukua wanarudi kwao Mtumba. Nilimwona Rose jinsi alivyokuwa anakunja nguo za mtoto, anakunja kwa hasira.

Jana mchana tulikuwa uani. Mimi nilikuwa nachambua mboga, Nathanaeli anafunga mabegi ya Rose, Rose ana mtoto mapajani, amevua nepi ili apate jua kidogo. Loisi alitoka jikoni. Alikuwa ametoka kukoroga uji, mikono ina unga, hakunawa. Akaja akaketi kwenye mkeka, akanyoosha miguu, akasema, “Mlete.”

Hakuna aliyesogea. Nadhani tulifikiri hatukusikia vizuri. Akasema tena, safari hii kwa kuomba, “Rose, mwanangu, nipe.” Rose akamlaza Frank kwenye mapaja ya mama yake na kurudi nyuma kidogo, mikono bado iko wazi kama atadondoka. Loisi alikuwa anatetemeka mpaka kanga inatikisika. Alimshika chini ya kwapa, akamwinua taratibu, wakatazamana. Mtoto akamkagua usoni kwa makini, akakunja midomo, halafu akamkojolea.

Siyo kidogo, Erica. Ulikuwa mkojo wa mwanamume kamili, ulianzia kifuani kwa bibi ukamalizikia kwenye mkeka. Mimi niliruka, goti likasahau maumivu yake. Rose alishafika kumnyakua. Nathanaeli, kwa mazoea ya miaka, alishika jagi la maji mkononi, sijui alilitoa wapi.

“Mwacheni amalize,” akasema Loisi.

Tukasimama kama tulivyo. Mtoto akamaliza. Loisi alimlaza kifuani palepale palipolowa, akamfunika na pembe ya kanga, akafumba macho. Alikuwa anapumua kwa nguvu kama aliyepanda mlima. Niliona woga ulivyokuwa umempanda, na niliona hakuinuka. Nathanaeli aliweka jagi chini. Rose alikaa kwenye mkeka ubavuni kwa mama yake, akaegemeza kichwa begani pake, akalia kwa sauti, na mama yake akamwambia anyamaze, atamwamsha mtoto. Kweli, mtoto alikuwa ameshalala.

Alikaa naye mpaka kivuli cha nyumba kikafika kwenye mkeka. Uji uliungua jikoni na hakuna aliyejali.

Sasa, habari ndiyo hiyo, nawe uwajulishe wale wa kwenye kundi kama walivyojulishana uongo. Hamida anasema safari bado, siku mbaya zitakuja, na Loisi ataendelea kwenda kwake. Sawa, aende.

Nisalimie shemeji Ambokile, wanao wote mmoja mmoja, na mama mkwe wako ambaye namshukuru kwa ile chai. Baba Mdogo Matonya anakusalimu, anauliza kama huko Tukuyu mna kesi yoyote, yeye yuko tayari na mbuzi wapo. Nathanaeli, Loisi, Rose na Rodgers wanakusalimu sana. Frank amelala, salamu zake nimezitunga mimi.

Mungu aliyemtunza mama yetu akulinde wewe na nyumba yako, awape usingizi mzuri na mvua ya kiasi.

Mimi dada yako, nikupendaye kuliko unavyostahili,

Asnath